Wi-Fi haifiki chumbani kwa Bibi: namna ya kusambaza intaneti kwenye nyumba kubwa

Najua wengi wenu mnanisoma mkiwa kafe, saa inahesabu pale kwenye kona ya skrini, kwa hiyo sitazunguka sana. Leo naandika jambo ambalo kijana yeyote anayejulikana mtaani kwamba "anajua kompyuta" ataitwa kulitatua siku moja, kama bado hajaitwa. Nyumba ni kubwa, ya ukoo. Ruta ipo moja, intaneti imelipiwa, na bado kuna vyumba Wi-Fi haifiki kabisa, au inafika halafu inakatakata. Mimi nimeitwa mara nyingi. Mara ya kwanza niliharibu, na nitawaeleza nilivyoharibu, manake kosa hilohilo naliona karibu kila nyumba ninayokwenda.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, Unguja, ni ya upande wa mama. Ina chini na ghorofa mbili, na katikati kuna ua ulio wazi juu, ule ambao vyumba vyote vinauzunguka. Bibi yangu anakaa ghorofa ya juu kabisa, chumba cha nyuma. Ndicho chumba alichoingia akiwa bi harusi na hataki kusikia habari ya kuhamishwa. Magoti hayamshushi ngazi tena, kwa hiyo dunia yake yote iko humo: kitanda, redio, dirisha, na simu.

Simu ndiyo hasa. Mamdogo wangu yuko Uingereza miaka mingi, na kila Jumamosi baada ya Isha anampigia mama yake kwa video. Walipounganishiwa faiba, wote tulifurahi kwamba sasa mambo ya kununua bando kila wiki yamekwisha. Kumbe ndo yameanza. Picha inaganda, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, halafu inakata. Mjomba, ambaye ndiye mlipaji, akapiga simu kwenye kampuni ya intaneti. Akaambiwa apandishe kifurushi. Akapandisha kutoka megabiti 10 kwa sekunde kwenda 20. Hali ileile. Akapandisha tena hadi 40. Hali ileile.

Siku moja nimekwenda kumwamkia Bibi akaniambia, "Mume wangu, mwambie mama yako mdogo asijisumbue tena kunipigia. Kila nikianza kumweleza habari ya magoti, anakata."

Alidhani binti yake anamkatia simu. Miezi yote ile alikuwa anaamini hivyo na hakusema.

Nikashuka mbio hadi Darajani, nikanunua repita, kile kidude cha kuchomeka ukutani chenye antena mbili. Nikakichomeka palepale chumbani kwa Bibi, kwenye soketi ya karibu na kitanda. Simu yake ikajaa mistari yote ya Wi-Fi. Nikaombewa dua, nikala pilau, nikapanda boti kurudi Dar nikijiona fundi. Jumamosi ilipofika picha ikaganda kama kawaida. Ubaya zaidi ni kwamba sasa simu ilikuwa inaonyesha mistari imejaa, kwa hiyo Mjomba akaamua kwamba simu ya Bibi ndiyo mbovu. Akamnunulia mpya! Pesa nyingine hiyo, na sababu ni mimi.

MISTARI ILE INAPIMA NINI

Sikilizeni hapa, ndo penyewe. Mistari ya Wi-Fi kwenye simu haipimi intaneti. Inapima jinsi simu inavyokisikia kile kifaa kilicho karibu nayo, basi. Repita yangu ilikuwa mita moja kutoka kwenye simu, kwa hiyo lazima mistari ijae. Lakini repita yenyewe ilikuwa inaisikia ruta ya chini kwa taabu kama ilivyokuwa inaisikia simu mwanzoni. Nilichofanya ni kumweka mkalimani hodari karibu na Bibi, halafu mkalimani mwenyewe hasikii kinachosemwa huko chini.

Kuna na jambo la pili. Repita ya kawaida inapokea na kutuma kwenye chaneli moja. Kila kipande cha taarifa kinapita hewani mara mbili, mara moja kutoka kwenye ruta kwenda kwenye repita, na mara ya pili kutoka kwenye repita kwenda kwenye simu. Hawawezi kusema kwa wakati mmoja. Hivyo hata ukiiweka mahali pazuri kabisa, kasi unayopata ni nusu, au chini ya nusu. Ikiwa nusu hiyo inakutosha na umeiweka katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu, repita inafaa. Mwisho wa njia, haifai kitu.

Sasa kwa nini mawimbi yalikuwa hayafiki juu? Nilirudi na futi. Kuta za nyumba zile za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na pale kwenye dirisha la chumba cha Bibi nilipima sentimita 52 za ukuta. Kati ya ruta na Bibi kulikuwa na kuta mbili za namna hiyo na sakafu mbili za boriti, mawe na chokaa. Ukuta wa namna ile ukishika unyevu, na sisi wa pwani tunajua chokaa inavyoshika unyevu wakati wa masika, unanyonya mawimbi zaidi, manake maji hunyonya mawimbi ya redio. Wi-Fi ni redio, wala si kitu kingine. Inatumia masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na vifaa vipya vina 6 pia. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo kasi inavyoweza kuwa kubwa, na ndivyo ukuta unavyoyashinda kirahisi. Ndiyo sababu ruta yenye majina mawili, moja limeandikwa 5G mwishoni, lile la 5G linakimbia sana sebuleni na kupotea kabisa ukifika jikoni. (Hiyo 5G haina uhusiano na 5G ya simu. Ni gigahezi 5 tu.)

Na kwa nini ruta ilikuwa chini, pembeni mwa mlango mkubwa? Kwa sababu ndipo mafundi wa faiba walipoingilia. Walitumia waya mfupi iwezekanavyo, wakabandika sanduku, wakapima kwa kusimama mbele yake, wakaondoka. Nyumba nyingi ni hivyo. Mahali pa ruta hupangwa na urefu wa waya wa fundi, hakuna aliyewauliza wenye nyumba wanakaa wapi.

PIMA KABLA YA KUTOA SENTI

Kabla hujanunua chochote, chukua laptopu, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, zima vifaa vingine, pima spidi. Ukipata pungufu sana ya ulicholipia, tatizo liko nje ya nyumba, wapigie kampuni na uwe mkali. Ukipata ulicholipia, tatizo ni la ndani, na kupandisha kifurushi hakutasaidia hata kidogo. Nilipofanya hivyo kwa Mjomba nikapata megabiti 39 kati ya 40. Nikapanda chumbani kwa Bibi nikapima bila repita: megabiti 1 na kitu. Wanasema wakati wa kifurushi cha 10 ilikuwa vilevile. Yaani alikuwa ananunua maji mengi zaidi na bomba limeziba.

Halafu zunguka nyumba nzima na simu. Kuna programu za bure za Android zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba, zenyewe zinaita dBm. Namba zina alama ya kutoa mbele, kwa hiyo iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Ukisimama jirani na ruta utaona kama -35 au -40. Kwa simu ya video isiyokatika lenga -67 au bora zaidi. Ikifika -75 utavumilia kwa barua pepe. Kwenye -85 unajidanganya. Na jueni kila namba 10 zinazopungua, nguvu imegawanywa kwa 10. Kutoka -40 hadi -70 ni mara 1,000. Kwa wale wenye laptopu ya Windows bila programu yoyote, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika netsh wlan show interfaces, kuna mstari wa Signal utakuonyesha kwa asilimia.

Hizi ndizo nilizoandika kwenye karatasi siku ile. Mlangoni penye ruta, -38. Ng'ambo ya ua, chini, -60. Ghorofa ya kwanza kwenye varanda inayotazama ua, -66. Ghorofa ya kwanza ndani ya chumba, -77. Juu, kwenye varanda, -73. Chumbani kwa Bibi, -86. Kutoka mlangoni hadi kitandani kwake nguvu imepungua zaidi ya mara 60,000.

Angalieni varanda. Hata ghorofa ya juu, ukitoka nje ya chumba na kusimama mahali unapouona ua, mawimbi yapo. Yanapanda kupitia uwazi wa ua, wala hayapiti ukutani. Katika kila nyumba kubwa kuna njia kama hiyo, iwe ua, ngazi, korido ndefu, au tundu la hewa. Ukishachora ramani ya namba zako utaiona. Fundi anayefika na kuanza kutoboa kabla ya kuzunguka na simu, mwambie akae kwanza anywe chai.

Jambo la bure la kujaribu ni kuisogeza ruta. Iweke juu, mahali pa wazi, isiwe ndani ya kabati la runinga wala nyuma ya friji. Kioo kikubwa cha kujitazamia, tenki la maji na bati ni maadui wa Wi-Fi. Antena ndefu za kusimama hutawanya mawimbi kwa pembeni, kama sahani, na hutoa kidogo sana kuelekea juu ya ncha yake. Nyumba ya ghorofa ikiwa na ruta ya antena mbili, ilaze moja. Mimi kwa kufanya hivyo peke yake nilipata namba 3 au 4 zaidi ghorofa ya kwanza. Chumbani kwa Bibi hakukubadilika kitu.

Kitu kingine ni chaneli. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 3 tu, yaani 1, 6 na 11. Mji Mkongwe nyumba zimebanana, ukifungua simu unaona Wi-Fi za majirani 15. Programu ileile ya dBm itakuonyesha nani yuko wapi, nawe chagua yenye watu wachache kati ya hizo 3. Kuna wajanja wanaweka 3 au 8 wakidhani wamejitenga. Hapo wanapigiwa kelele na pande zote mbili.

Na yule atakayekuuzia ruta "yenye nguvu sana, antena nane", mwulize simu nayo ina antena nane? Mazungumzo ni ya pande mbili. Ukimpa mmoja kipaza sauti na mwingine ananong'ona, bado hawataelewana. Ndio maana unaona mistari mingi na ukurasa haufunguki.

WAYA NDIO DAWA

Nyumba kubwa dawa yake ni waya. Najua inachekesha kwamba ili kupata intaneti isiyo na waya inabidi utandaze waya, lakini ndivyo hoteli wanavyofanya, ndivyo vyuo vinavyofanya. Unavuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi karibu na mahali penye shida, na mwisho wa waya unaweka kifaa cha pili cha kurusha Wi-Fi. Mafundi wanakiita akses pointi. Ukuta hauwezi kufanya lolote kwa waya.

Waya wa UTP wa Cat5e unapitisha hadi gigabiti 1 kwa sekunde kwa urefu wa mita 100. Nyumba gani hiyo ya kukumaliza mita 100? Sisi tulitumia mita 34. Mkinunua, angalieni sana. Kuna waya wa shaba tupu na kuna wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, na unauzwa kwenye boksi linalofanana. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukibaki mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukiona weupe, rudisha. Wa alumini hukatika ukikunjwa na hupoteza nguvu njiani, hasa ukitaka kupitisha na umeme humohumo.

Kichwa chake mnakijua, wengi wenu mmebana vichwa hivyo kafe mkisaidia kwa ajili ya dakika za bure. Mpangilio unaotumika sana ni huu, kuanzia kushoto ukiwa umeshika plagi mgongo chini na vishikizo vya dhahabu juu vikikutazama: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Usiupitishe ukiwa umelala sambamba na nyaya za umeme kwa mita nyingi. Ukilazimika kuukatiza wa umeme, ukatize kama msalaba.

Swali likawa unapitaje? Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuna Mamlaka inayosimamia majengo yake. Huwezi kuamka tu na tindo ukaanza kubomoa ukuta wa karne iliyopita, na hata ingeruhusiwa, chokaa ile ukiigusa vibaya inamwagika kama unga. Hatukutoboa hata tundu moja. Kwenye pembe ya ua kuna bomba la maji ya mvua linaloshuka kutoka darini, tukaufunga waya pembeni yake kwa vibanio hadi varanda ya juu. Tulinunua wa nje, wenye ganda jeusi, manake ganda la kawaida jua linalipasua ndani ya miaka michache. Kwa wenye nyumba mbili ndani ya uzio mmoja, nyumba kubwa na banda la uani, msipitishe waya wa shaba hewani kati ya paa na paa bila kinga ya radi. Radi ikipiga jirani tu, inaua ruta za pande zote mbili. Hapo bora waya wa faiba, haupitishi umeme.

Kifaa cha juu hatukununua. Kulikuwa na ruta ya zamani kabatini, nikaigeuza. Hii kila mtu anaweza, ila ina mtego, kwa hiyo fuata taratibu. Ichomeke peke yake kwenye laptopu, ingia kwenye ukurasa wake. Ipe anwani iliyo kwenye mtandao uleule wa ruta kubwa lakini tofauti na yake. Kama ruta kubwa ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Zima DHCP, hapo ndipo wengi wanaposahau, halafu nyumba nzima inapotea kwa sababu vifaa viwili vinagawa anwani. Weka jina la Wi-Fi na paswedi ileile ya chini, lakini chaneli nyingine. Chini ilikuwa 1, juu nikaweka 11. Halafu waya unaotoka chini uchomeke kwenye moja ya matundu manne yanayofanana, usitumie lile la rangi tofauti lililoandikwa WAN au Internet. Imekwisha.

Niliibandika kwenye varanda, juu ya mlango wa chumba cha Bibi. Mlango ni wa mbao na juu yake kuna uwazi wa kupitisha upepo, kwa hiyo kati ya kifaa na kitanda hakuna ukuta hata mmoja. Nikapima pale kitandani. -47. Spidi megabiti 38.

Tatizo dogo lililobaki ni la simu kung'ang'ania. Ukitoka chini na simu mkononi ukapanda juu, simu ndiyo inayoamua lini iachane na kifaa cha chini, ruta haimwamulii. Simu nyingine ni ving'ang'anizi, inabaki na ya chini hadi inakata roho. Dawa ni kupunguza nguvu ya kurusha kwenye kifaa cha chini, ndiyo, kupunguza, ili simu iikose mapema na kuhamia ya juu. Ruta nyingi zina mahali pa kuchagua nguvu ndogo, ya kati au kubwa.

HABARI YA MESHI

Mtaniuliza, na hizi za kisasa zinazouzwa tatu kwa pakiti, meshi? Ni nzuri. Zinazungumza zenyewe, zinasaidia simu kuhama bila kelele, unazisimamia kwa programu moja. Lakini kama zinaunganishwa hewani, sheria ni ileile ya repita: kila moja lazima imsikie vizuri mwenzake. Zile zenye redio ya tatu maalum kwa mazungumzo yao wenyewe hazikati kasi kama repita, ila ukuta wa sentimita 52 hauna habari na redio ya tatu. Katika nyumba ya Bibi ningeziweka zote kwenye varanda za ua, zionane. Nyumba nyingi za meshi nilizoitwa kuzitengeneza, kosa lilikuwa moja: cha pili kimewekwa kwenye chumba kisichopata Wi-Fi, badala ya nusu ya njia. Kosa langu na repita, kwa bei ya juu zaidi. Meshi nyingi zina tundu la waya nyuma. Ukiweza, unganisha kwa waya, na hapo zinakuwa tamu kweli.

Vile vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba sikuvigusa. Nyaya za nyumba ile ni za zamani, zimeungwaungwa na mafundi wa vizazi vitatu.

Kwa wadau wa Dar, Mombasa na kwingine mnaoishi nyumba za tofali za saruji, msijione mmesalimika. Ukuta wa tofali la inchi 6 unapitisha kuliko matumbawe, lakini ile slabu ya zege yenye nondo kati ya chini na ghorofa ni kizuizi kibaya. Nyumba ya ghorofa ya siku hizi ichukulie kama nyumba mbili, kila sakafu na kifaa chake, waya katikati. Na wewe unayejenga sasa hivi, au baba yako anajenga, mwambie fundi umeme apitishe bomba tupu la plastiki kutoka sebuleni hadi dari ya kila ghorofa kabla ya plasta. Bomba hilo ni bei ya soda chache. Kulitafutia njia baadaye ndiyo utajua gharama.

Umeme nao msiusahau. Tuliokuwepo Unguja mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mzima, hatuamini soketi. Ruta na kifaa cha juu vinakula umeme kidogo sana, UPS ndogo inavishikilia kwa muda mzuri tu. Ukinunua kifaa kinachopokea umeme kupitia waya uleule wa mtandao, UPS moja ya chini inalisha vyote viwili. Hiyo ndiyo hatua yangu inayofuata pale.

Usalama kwa kifupi: tumia WPA2 au WPA3, zima kile kitufe cha WPS, na badilisha paswedi ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ile iliyoandikwa chini ya kifaa. Kwenye mitaa ile nyembamba mtu anaweza kukaa barazani kwako na kutumia Wi-Fi yako akiwa anakupa salamu.

Jumamosi iliyofuata nilibaki Unguja kwa makusudi. Mamdogo alipiga baada ya Isha. Bibi akasubiri dakika ya kukatika, akaona haiji. Akaanza habari ya magoti. Akaenda ya daktari, akaenda ya jirani aliyeposwa, akaenda hadi ya mwaka wa mvua kubwa. Mimi niko mlangoni naangalia namba kwenye simu yangu, -47, -48, -47. Saa moja na dakika 20. Mwisho Mamdogo ndiye aliyesema, "Mama, kesho nina kazi asubuhi, niruhusu nilale."

Bibi akanigeukia. "Umeona? Huyu kakata kwa kuaga."

Mjomba amerudisha kifurushi kwenye 20, na simu mpya amepewa mdogo wangu. Bado ghorofa ya kwanza vyumba viwili viko kwenye -77, nitavuta waya wa pili Mungu akipenda. Aliyewahi kufanya nyumba za mawe za Lamu au Mombasa Mji wa Kale, naomba aandike hapo chini alipitisha waya wapi na alipata dBm ngapi. Na kama umekwama, weka namba zako za kila chumba kwenye maoni. Msiniandikie "Wi-Fi haishiki" peke yake, sitaweza kujibu.